Kufungwa Boyani na Kutia Nanga: Istilahi za Upakuaji wa Mafuta Nje ya Bandari ya Dar es Salaam

1. Utangulizi

Mbele ya Rasi Mjimwema, upande wa Kigamboni, nje kabisa ya lango la bandari ya Dar es Salaam, pana boya kubwa la chuma ambalo halikuwekwa kuonyesha njia wala mwamba. Meli za mafuta zilizo kubwa mno kuweza kuingia bandarini hufungwa kwenye boya hilo, na shehena yake hupita katika mipira na mabomba yaliyolazwa chini ya bahari mpaka kwenye matangi ya nchi kavu. Meli inafika, inashusha makumi ya maelfu ya tani, na inaondoka bila kugusa gati.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, na kuchunguza ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuuelezea. Makusudio haya mawili hayatenganiki. Mtu asiyejua ni kitu gani kimefungwa na kitu gani hawezi kuchagua kitenzi kilicho sahihi. Na kama tutakavyoona, kitenzi kinachotumiwa zaidi, yaani kutia nanga, ndicho hasa kisichofaa. Kwa kawaida wanaisimu hulichukulia kosa la namna hii kuwa ni la mtindo tu. Katika suala hili sivyo: nanga ikitiwa mahali pale, bomba linaweza kupasuka.

Uchambuzi huu unajihusisha zaidi na vitenzi kuliko nomino. Kazi nyingi za istilahi zilizofanywa nchini tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 zimekuwa orodha za nomino, na hapana shaka nomino zilihitajika. Hata hivyo, kazi ya baharini hutendwa kwa amri, na amri ni kitenzi.

2. Sababu ya kupakulia nje

Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba na una kona. Gati la mafuta la Kurasini, lililo ndani ya bandari, lilijengwa kwa meli zenye uwezo wa kubeba takriban tani 45,000. Boya la Mjimwema lililokamilika mwaka 2012, likichukua nafasi ya boya la awali, linaweza kupokea meli za hadi tani 150,000. Meli ya ukubwa huo ina urefu wa takriban mita 270, na ikijaa huzama majini kiasi cha mita 16 au 17. Kuichimbia njia ya kuiingiza ndani, na gati la kuifunga, kungekuwa na gharama kubwa mno. Ni rahisi zaidi kuiacha meli katika maji yenye kina na kuyapeleka mabomba kwake.

Haja hiyo ilianza zamani kidogo. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kilifunguliwa Kigamboni mwaka 1966, na bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, Zambia, lilikamilika mwaka 1968. TIPER iliacha kusafisha mafuta na kubaki na kazi ya kuyahifadhi. Bomba la TAZAMA nalo lilibeba mafuta ghafi kwa zaidi ya miaka hamsini, kisha likageuzwa na kuanza kusafirisha dizeli mwaka 2023. Kwa hiyo kituo cha mafuta kilichopo mamia ya kilomita kutoka pwani kinaweza kuitegemea shehena iliyopitia katika kitu kinachoelea mbele ya Mjimwema.

3. Boya na minyororo yake

Neno boya limekwisha kukaa katika lugha na hatuoni sababu ya kuligusa. Lipo pia neno la asili zaidi, chelezo, linalotokana na kitenzi -elea, ambalo wavuvi hulitumia kwa kitu chochote cha kuelea kinachoonyesha mahali penye nyavu au nanga. Wapo watakaopenda chelezo kwa sababu ya Ubantu wake. Kwa maoni yetu, tofauti iliyopo kati ya maneno haya mawili ni mali ya kutunzwa: chelezo huonyesha tu, nalo boya linaweza pia kushikilia. Boya la Mjimwema linashikilia.

Linashikiliaje? Chini yake hutoka minyororo mizito kadhaa, iliyotandazwa pande zote kama miale, kila mmoja ukiishia kwenye nanga au nguzo iliyopigwa katika sakafu ya bahari. Minyororo hiyo haikukazwa. Kila mmoja huning'inia kwa mpindo, na sehemu yake kubwa hulala chini. Mvutano unapozidi upande mmoja, mnyororo wa upande wa pili huinuka kutoka chini kidogo kidogo, na uzito wa kila pingili inayoinuka hurudisha boya mahali pake. Uzito, basi, ndio unaofanya kazi ya springi. Nahodha wa jahazi alilijua jambo hili kabla ya wahandisi kulipigia hesabu: kusi likivuma kwa nguvu huongeza amari, yaani kamba ya nanga, ili mvuto ufike chini kwa ulalo na nanga isikokoteke.

Neno amari, ambalo asili yake ni Kireno, linazidi kupotea katika usemi wa vijana wa mjini. Linastahili kurudishwa, kwani Kiswahili cha leo kinaita kila kitu kamba au mnyororo, na katika mtambo huu vipo vitu vitatu vinavyofunga, tena kwa kazi mbalimbali. Tunapendekeza amari libaki kwa kile kinachoshuka kwenye nanga, kiwe cha katani, cha nailoni au cha chuma. Na kamba ya kufungia liwe jina la kile kinachoiunganisha meli na boya. Cha tatu ni kamba ya kuvutia ya tagi, ambayo tutaieleza hapa chini.

Sehemu ya juu ya boya ndiyo yenye siri ya mtambo wote. Imekalishwa juu ya beringi kubwa, hivyo huweza kuzunguka duara kamili huku mwili wa boya ukibaki umeshikwa na minyororo yake. Meli iliyofungwa kwenye sehemu hiyo huwa huru kugeuka kama chombo chochote kilichoachiwa upepo: omo huelekea boya, tezi hufuata upepo au mkondo, lolote kati ya hayo lililo na nguvu zaidi. Maneno haya mawili, omo na tezi, wasomaji wengi huyafahamu kutokana na ile methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hatujaona sababu ya kuyaacha katika methali peke yake na kusema "mbele ya meli" na "nyuma ya meli", misemo ambayo humfanya msikilizaji aulize: mbele, kwa maana ya ndani yake au nje yake?

Katika pwani yetu uhuru huu wa kugeuka ni sharti. Kaskazi na kusi hupokezana kila mwaka, na katika siku moja maji hujaa na kupwa mara mbili. Upo mfumo mwingine, wa zamani zaidi, ambamo meli hutia nanga zake mbili za omo mahali palipopimwa, kisha hurudi nyuma taratibu na kufungwa tezi kwenye maboya kadhaa. Hapo meli haigeuki. Upepo ukiipiga ubavuni, kamba zote hubeba nguvu ambayo katika mfumo wa boya moja ingepotea kwa meli kujigeukia tu. Mfumo huo wa maboya mengi hufaa mahali palipositirika. Tumeutaja kwa sababu moja zaidi: ndani yake meli hutia nanga na vilevile hufungwa boyani, vitendo viwili katika kazi moja, na mwenye lugha isiyo na vitenzi viwili hawezi kuieleza.

4. Meli inapolikaribia boya

Rubani hupanda melini kungali mbali. Meli huletwa polepole ikikabili upepo au mkondo, ili nguvu za maji na hewa ziwe zinaizuia badala ya kuisukuma. Mashua ndogo huichukua ncha ya kamba nyembamba inayoelea na kuifikisha omo. Mabaharia huivuta kwa winchi, na kamba nene ya kufungia huifuata. Mwisho wa kamba hiyo una kipande cha mnyororo, kwa sababu nailoni ikisuguana na chuma hukatika. Mnyororo huo ndio unaobanwa katika kibanio kilichomo omo.

Wakati huohuo tagi imefungwa tezi na inavuta kinyume. Asiyejua atashangaa: meli imekwisha kufungwa, inavutwa kwa nini? Jibu ni kwamba kamba huzuia kwenda mbali tu, haizuii kuja karibu. Upepo ukitulia ghafla au mkondo ukigeuka, meli yenye uzito wa tani laki moja na nusu huweza kusogea taratibu mpaka ikalipanda boya. Mwendo wa namna hiyo hauna kelele wala mawimbi, na ndio unaohofiwa. Tagi hukaa pale saa zote za upakuaji, ikiishikilia meli umbali ule ule.

Kwa jambo hili Kiswahili kinatoa kitenzi kizuri ambacho hatuna budi kukitumia: -shikilia. Kufunga ni tendo la mara moja. Kushikilia ni tendo linaloendelea. Boya linafunga, tagi inashikilia. Taarifa ikisema kwamba tagi "inavuta meli" wakati wa upakuaji, msomaji ataona meli inaondoka.

5. Njia ya mafuta

Kutoka kwenye boya huelea juu ya maji mipira minene iliyounganishwa kipande kwa kipande, ambayo urefu wake aghalabu hupindukia mita 200. Ncha yake huinuliwa kwa kreni ya meli na kuunganishwa na midomo ya mabomba iliyo ubavuni, katikati ya meli. Pampu za meli huyasukuma mafuta kupitia mipira hiyo mpaka kwenye boya. Ndani ya boya kipo kiungo cha kuzunguka, ambacho huyaruhusu mafuta kupita kutoka sehemu inayogeuka kwenda sehemu isiyogeuka bila kuvuja; hiki ni ndugu wa ile beringi, kwani kimoja huigeuza kamba na kingine huigeuza njia ya mafuta. Kutoka hapo mipira mingine huteremka majini, ikiwa imepindwa kwa ulegevu ili iweze kufuata kupanda na kushuka kwa boya, mpaka sakafuni, panapoanzia bomba lenyewe.

Mahali hapo panapokutana mipira na bomba pana fremu nzito ya chuma yenye vali. Kuitohoa istilahi yake ya kigeni kunawezekana, lakini tunapendelea kichwa cha bomba. Lugha imekwisha kuzoea kichwa cha treni na kichwa cha habari, nako ni kukiita kitu kwa nafasi yake katika mstari mrefu. Wapo waliopendekeza mwisho wa bomba. Tatizo ni kwamba bomba lina miisho miwili, na mpiga mbizi anayepewa kazi lazima ajue ashuke wapi.

Kuhusu mpira, tunasimama pamoja na watu wa kazi. Neno hosi limo katika baadhi ya orodha, lakini fundi, mkulima na mwosha magari wote husema mpira, na wingi wake ni mipira. Hoja ya kwamba mpira pia ni mchezo haina uzito: hakuna aliyewahi kuamini kwamba kandanda inachezwa na meli. Muktadha hufanya kazi yake, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, hakikuwa na sababu ya kuyaogopa maneno yaliyokwisha kuishi.

Kati ya vipande vya mpira huwekwa pia kiungo ambacho kazi yake ni kukatika. Mvutano ukizidi kiasi, au shinikizo likipanda ghafla, kiungo hicho huachana, na vali zake za pande mbili hujifunga. Bora mpira ukatike mahali palipokusudiwa kuliko popote pengine. Kwa Kiswahili tungekiita kiungo-achia. Hata kama umbo hilo ni geni kidogo, linaeleza kwamba kuachia huko si hitilafu.

6. Kutia nanga: kitenzi kilichopanuka

Turejee sasa kwenye kitenzi. Katika Kiswahili cha leo, meli ikifika bandarini husemwa imetia nanga. Ikiondoka husemwa imeng'oa nanga. Hutumika hivyo hata pale meli ilipokwenda moja kwa moja kwenye gati na nanga zake hazikulowa. Huu ni upanuzi wa maana, na hauna ubaya wowote katika mazungumzo. Msafiri anayesema boti ya Unguja imetia nanga saa nne anaeleweka.

Watu wa bandari wenyewe husema meli imefunga gati. Muundo huu unastahili kuangaliwa. Meli ndiyo kiima, kitenzi ni cha kutenda, na gati si yambwa bali ni mahali, ingawa halikupewa kiambishi -ni. Kwa kuufuata muundo huo mtu angeweza kusema meli imefunga boya. Lakini hapa mlinganisho unavunjika: boya, tofauti na gati, ni kitu kinachoweza kufungwa, hivyo msikilizaji ataelewa kwamba meli imelifunga boya mahali fulani. Kauli ya kutendea, meli imefungiwa boyani, nayo ina kasoro, kwa kuwa -fungia hutumika kwa kifungo na adhabu. Meli iliyofungiwa ni iliyozuiwa. Inabaki kauli ya kutendwa pamoja na kiambishi cha mahali: meli imefungwa boyani. Kinyume chake kinapatikana bila taabu, meli imefunguliwa, kwa kiambishi kilekile cha kutendua tunachokitumia kwa mlango na mzigo.

Kipimo cha istilahi ni kama itafanya kazi kwingineko. Kipevu, Mombasa, mwaka 2022 lilifunguliwa gati jipya la mafuta lililojengwa katikati ya maji kama kisiwa, likiwa limeunganishwa na nchi kavu kwa mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu ya bahari. Pana bomba la chini, lakini hapana boya la kufungia: meli hufunga gati. Chongoleani, Tanga, ambako ndiko mwisho wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpango ni gati lililofikiwa kwa daraja refu, na huko mafuta yatapakiwa, hayatapakuliwa. Kitenzi kitakuwa kilekile, kufunga gati. Mina al Fahal, karibu na Muscat, ambako mafuta ya Oman yamekuwa yakisafirishwa nje tangu mwaka 1967, meli hufungwa kwenye maboya kama ya Mjimwema, isipokuwa mafuta hutoka nchi kavu kwenda melini. Nchini humo wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwamo waliorejea kutoka Zanzibar baada ya mwaka 1970 na kuingia katika kazi za sekta ya mafuta. Kwao pia, meli imefungwa boyani. Pakia na pakua hubadilika, -fungwa haibadiliki.

7. Kitenzi katika tangazo la tahadhari

Meli iliyofungwa boyani huchora mduara. Ukijumlisha urefu wa meli na wa kamba yake, nusu-kipenyo cha mduara huo hakipungui mita 300, na bado tagi ipo nyuma yake. Ndani ya eneo hilo, na juu ya njia nzima ya mabomba mpaka ufukweni, hairuhusiwi kutia nanga. Nanga ya meli kubwa ikikokoteka hulinasa bomba na kulipinda au kulipasua. Nanga ndogo ya ngalawa haivunji bomba la chuma, lakini hunasa katika mipira ya chini, na mvuvi anayeivuta kwa nguvu anaweza kupinduka.

Sasa tumfikirie mvuvi wa Kigamboni anayesikia katika taarifa kwamba meli kubwa "imetia nanga kwenye boya la Mjimwema", kisha anaambiwa kwamba ni marufuku kutia nanga kwenye boya la Mjimwema. Kwa mujibu wa maneno aliyopewa, wakubwa wanaruhusiwa jambo ambalo yeye amekatazwa. Hatuwezi kumlaumu akiliona katazo hilo kuwa ni la upendeleo. Angeambiwa kwamba hakuna chombo chochote kinachotia nanga pale, hata meli yenyewe, kwa kuwa boya ndilo lililokwisha kutiwa nanga na meli hufungwa kwalo tu, angepata sababu pamoja na amri.

Tangazo la namna hiyo linaweza kuandikwa hivi: Meli za mafuta hufungwa kwenye boya hili, hazitii nanga. Nawe usitie nanga, usitege nyavu, wala usifunge chombo chako hapa. Chini kuna mabomba ya mafuta. Tumetumia chombo kwa makusudi. Katika usemi wa pwani meli ni ya chuma na ni ya wengine. Ngalawa, dau na mashua ni vyombo, na mvuvi anayesoma neno chombo hujua kwamba anayeambiwa ni yeye.